Neno Moja Kwenye Faili

Hapa Rybnik, majira ya baridi, tunafunga madirisha
saa tisa mchana, kabla majirani hawajawasha majiko ya makaa.
Mke wangu Grażyna huangalia simu kwanza:
leo hewa ya mtaa ni zambarau,
na zambarau ni mbaya kuliko nyekundu.
Basi tunaziba nyufa kwa taulo kuukuu,
tunawasha ile mashine tuliyoikopea,
fupi kama pipa la taka, yenye jicho moja mbele.
Kijani, pumua. Chungwa, angalia.
Nyekundu, inanguruma.

Mimi sivuti.
Nilizitupa pakiti mbili nzima kwenye pipa la hospitali
usiku aliozaliwa Kalina; mama mkwe ni shahidi.
Hiki cha mkononi ni kingine. Kinachajiwa kama simu.
Kina taa ya buluu na harufu ya embe,
tunda ambalo bibi yangu alikufa bila kulionja.
"Si moshi," namwambia Grażyna, "ni mvuke tu,
kama wa birika."
Palipo moshi pana moto, si ndivyo walivyosema?
Haya, moto uko wapi? Nionyeshe jivu.

Januari Kalina akaanza kukohoa.
Si kile cha mafua, chenye makamasi na mwisho.
Hiki kikavu, cha usiku,
kama mtu anayebisha hodi na hataki kuingia.
Tukalaumu makaa.
Tukamlaumu mzee Teofil wa ghorofa ya chini,
anayechoma, wanasema, viatu vya plastiki na mbao zenye rangi.
Grażyna alimwandikia barua. Hakujibu.
Siku hizi tukikutana ngazini, anatazama ukuta.

Daktari, mama mwenye mikono baridi,
alisikiliza ule mluzi kifuani mwa mwanangu,
akauliza bila kuinua macho:
"Kuna anayevuta nyumbani?"
"Hapana," nikasema,
na wala sikuhisi kama nadanganya.
Akaandika. Niliiona kalamu ikifanya kazi yake.
Akatupa dawa ya kuvuta, ya pampu,
na tangu siku ile tuko wawili nyumbani
wenye kitu cha kuweka mdomoni.

Ijumaa Grażyna alikuwa zamu ya usiku.
Televisheni ilionyesha watu wakiruka na ski,
Kalina kalala, kichwa pajani pangu.
Nilipuliza upande wa pili, kwa adabu, kama kawaida.
Pale kona jicho likageuka chungwa,
halafu nyekundu,
na mashine ikaanza kunguruma.

Nikatazama dirisha: limefungwa.
Nikatazama simu: upepo wa kusini ulikuwa umepita,
nje, mtaa mzima, kijani.
Nikapuliza tena, makusudi,
kama mtoto anayebonyeza kidonda aone kama bado kinauma.
Ikanguruma zaidi.
Nikapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha,
pale Kalina anapochoraga paka wake
kisha akatia kidole mdomoni:
utando mwembamba, wa mafuta.
Nikaunusa.
Embe.

Nilifungua dirisha. Baridi ikaingia kama mdai.
Nikamfunika mtoto kwa koti langu,
kisha nikalitoa tena, nikalinusa,
nikaenda kutafuta blanketi.

Leo Jumatatu, niko kwenye simu na zahanati.
Mimi ni wa kumi na nne kwenye foleni,
muziki unajirudia, sauti inanishukuru kwa subira.
Kifaa kimo mfukoni, bado kina chaji.
Sijui nitakifanya nini jioni, na sitajifanya najua.
Barua ya kumwomba radhi Teofil nayo sijaiandika.
Wa tisa. Wa sita.
Nasema polepole, nikijizoeza, mdomo umekauka:
jina la mgonjwa ni Kalina, ana miaka mitatu,
mimi ndiye baba,
na kuna neno moja kwenye faili
ninataka mlifute.