Deni la Mayai

Mwaka wa hamsini na mbili, usiku wa manane, Nebraska,
Verlene Hruska alikuwa akipangusa kaunta
waliposhuka watatu kwenye Nash bovu,
mlango mmoja umefungwa kwa kamba.
Hawajalala tangu Denver, walisema,
wakasema na mengine yote kwa mkupuo, bila nukta,
kama redio iliyokosa wa kuizima.

Walikula mayai, viazi,
na mkate wa dereva wa lori aliyekwenda msalani.
Yule mwembamba akaandika nyuma ya risiti:
*barabara ni sala, petroli ndiyo ubani.*
Akaibana chini ya sahani. Senti hakuacha.

Verlene alilipa kwa bakshishi yake.

Kisha vitabu vikatoka. Vijana wakahama vyuo,
wakasimama kando ya lami, dole gumba juu,
nywele mabegani, viatu vya baba zao miguuni.
"Ni hapa walipopita?"
Naye humimina kahawa. "Wengi hupita."

Halafu serikali ikatandika barabara kuu, maili sita kusini,
magari yakaufuata ule upande kama maji yaliyoonyeshwa mfereji.
Siku hizi uhuru ule unauzia watu suruali za jinzi.

Yeye mto Missouri hajauvuka.
Ila risiti anayo, kwenye kopo la hamira.
Huusoma mstari wa ubani, hutikisa kichwa, ni mzuri kweli,
kisha huigeuza
asome mwandiko wake mwenyewe:
mayai sita, viazi, kahawa tatu.
Dola moja na senti kumi.