Kichupa Kiunoni

Kichupa nimekifunga kiunoni, ndani ya kanga,
kwa sababu kinataka joto la mtu
na zahanati haina mashine ya joto.
Nalala nacho. Napepeta nacho ufuta.
Nimekwenda nacho msibani,
mama Nampala akanivuta pembeni:
Tabia, mwanangu, hirizi hiyo ya nini?
Nikamwambia: ya lambo.

Maji yakiwa mabaya, kinageuka cheusi.
Hakuna zaidi ya hapo. Hakisemi ni ng'ombe
au ni sisi, tuliochimba vyoo upande wa juu
tukijua fika mvua huteremkia wapi.

Lambo lenyewe dogo. Ukirusha jiwe kwa nguvu
linatua ng'ambo, kwenye mihogo ya Hokororo.
Lilichimbwa kwa ajili ya mifugo na bustani;
watoto wakaliona kwa jicho lingine.
Jumapili wanatoka Nachingwea mjini kwa bodaboda,
watatu watatu, na spika, na taulo shingoni,
na mwenyekiti kaweka meza kwenye kibanda:
mkubwa mia tano, mtoto mia mbili.

Mwezi wa sita upepo unaleta salfa
kutoka kwenye mikorosho, ya njano, laini kama poda,
inatanda juu ya maji mpaka vyura wananyamaza.
Wapulizaji wanakuja kuoshea mabomba yao pale pale.
Nimewafukuza. Wamenicheka. Nimewafukuza tena.
Na kwenye majani ya ukingoni wapo konokono
wadogo kama punje za mtama.
Mwalimu anawajua wavulana wa darasa la tano
wanaokojoa damu, wakidhani ndio ukubwa.

Kwa hiyo nina mlingoti, na vitambaa viwili.

Idi iliyopita kichupa kiliamka kimetakata,
unaona kidole chako upande wa pili.
Nikapandisha cheupe. Mwenyekiti akaninunulia soda.
Watu wakaingia mpaka maji yakalamba ukingo,
nami, kwa mara ya kwanza, nikakaa, miguu nimeinyoosha.

Saa tisa Chinduli hakuonekana.
Shati lake lilikuwepo. Ndala zake zilikuwepo.
Pale kijiko kilipochota udongo wa barabara
pana shimo, juu yake maji yametulia
kama mtu asiye na habari.
Aliyeingia ni Esha muuza mihogo,
ambaye hakuna aliyejua kama anajua kuogelea,
na gauni lake jipya, na mafuta bado mikononi.
Mtoto akatapika maji, akatapika, kisha akalia,
na sijawahi kupenda kilio kama kile.

Mama yake hakunitukana. Aliuliza tu:
Si ulisema mazuri?

Yalikuwa mazuri.
Kichupa hakipimi kina.

Sasa ipo kamba, na madumu ya mafuta ya kula
kumi na moja, yanaelea kutoka mlingotini hadi kwenye mawe.
Upande huu, maji ya kiuno. Upande ule usiuulize.
Mwenyekiti bado analalamikia bei ya kamba.
Dumu moja limeshaibiwa.

Kesho ni Jumapili. Kichupa ki baridi ubavuni,
nakisogeza karibu na kitovu, nageuka kwa uangalifu
kama nilivyogeuka nilipokuwa na mimba ya Somoe.
Alfajiri, kabla sijawasha simu nikimulike,
nasikia ndala nje ya mlango.

Shangazi, cheusi?

Ni Chinduli. Namwambia angoje,
bado saa moja.
Anakaa kizingitini. Anangoja.