Mlio Si Ushahidi

Saa mbili asubuhi, Oktoba, nyuzi nne chini ya sifuri,
kituo cha mafuta nje kidogo ya Kajaani.
Nimekuja kuchukua trela namba saba.
Kitanda cha mfumi cha marehemu mama kinaningoja Sotkamo,
na mnunuzi wa nyumba anakuja saa tisa
na fundi wake wa kubadilisha kufuli.

Miaka thelathini na mmoja kazi hii ilikuwa ya Urho.
Mimi nilisimama pembeni nimeshika glovu zake,
nikisema njoo, njoo, basi,
nikihesabu kwamba nimesaidia.
Leo Urho yuko wodini na nyonga mpya,
ananipigia kila dakika kumi
kunieleza mambo anayodhani siyajui.
Siyajui kweli. Ila sitaki kuyajulia kwake.

Msichana wa kaunta anaitwa Pinja.
Ana kipini puani na sauti isiyorudia.
Kabla ya saini, anasema, tuizunguke.
Anapiga tairi teke, si la hasira,
la mtu anayegonga kwa jirani.
Anapiga picha bodi iliyobonyea, taa yenye ufa,
"usije ukalipia kosa la mwenzio."
Kwenye karatasi ya gari anatafuta mstari
wa uzito linaoruhusiwa kuvuta,
nami natambua nimeliendesha miaka tisa
bila kujua nguvu zake.

Rudi nyuma. Taratibu. Kulia. Kulia kwako, si kwangu.
Mara ya kwanza napitiliza, ya pili napungukiwa shubiri,
ya tatu nashuka na kukuta kikombe cha trela
kinaning'inia juu ya tufe la chuma
kama kofia inayosita juu ya upara.
Vidole nje, anasema Pinja.
Chuma hakiombi radhi.

Anazungusha gurudumu la pua, trela inashuka,
na unatoka mlio:
ta.
Nafurahi. Najifuta mikono.
"Bado. Mlio si ushahidi."
Ananionyesha kidirisha kwenye mpini: chekundu.
Ndani ya kikombe barafu imelala,
nyembamba kama ganda la kitunguu,
na chuma kimeketi juu yake kikijifanya kimefika.

Tunainua. Tunakwangua kwa bisibisi. Tunashusha.
Kijani.
Kisha anazungusha gurudumu kinyume, kuiinua pua,
na makalio ya gari langu yanainuka nayo.
Chanda na pete, nasema.
Chanda na pete huvuliwa, anajibu,
akipitisha waya wa usalama kwenye pete ya pembeni,
maana kamba hukatikia pabovu
na waya huu ndio utakaokumbuka breki
siku tufe litakaposahau.

Soketi yangu ina matundu saba,
plagi ya trela ina meno kumi na matatu.
Adapta iko kwenye droo, amana euro tano.
Mzee anayeosha kioo pampu ya tatu
anaombwa asimame nyuma atazame taa.
"Kushoto ipo," anasema. Kimya kirefu.
"Breki ipo." Kimya.
"Kulia inasinzia."
Pinja anachomoa, anapuliza, anachomeka.
"Imeamka," anasema mzee, anarudi kwenye kioo chake.

Simu inalia. Urho.
"Umesikia mlio?"
"Nimesikia. Ulikuwa mwongo."
Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, hana la kuongeza.

Kilomita tano mbele, kwenye kituo cha basi kisicho na abiria,
nasimama kama nilivyoagizwa.
Nashika mpini. Nashika waya. Gurudumu la pua limepanda, limekazwa.
Nashika hata nati moja isiyohusika.
Kisha naegemea ubavu wa trela tupu
nikiifikiria ile miti mizito ya mama,
itakayotangulia kupakiwa, mbele kidogo ya ekseli,
na mikanda minne nitakayoifunga mwenyewe.
Lori linapita. Trela inatikisika kidogo,
na gari nalo.