Siku ya Tatu

Mwaka mzima ufunguo wa nyumbani
ulikaa mfuko wa ndani wa koti,
koti ambalo Tabata halina kazi.
Kule Eskishehir, theluji ikinifungia bwenini,
niliupapasa gizani kama mtu mwenye jino bovu,
nihakikishe tu: mlango upo, nami ni wa mlango ule.

Nimefika saa tisa usiku. Nimeuingiza. Umegoma.
"Tulibadilisha kitasa," mama akasema nyuma ya nondo,
khanga begani, usingizi machoni.
"Wezi waliingia Pasaka. Hatukutaka kukutia hofu."
Basi nikabisha hodi kwetu,
nikaitikiwa karibu.

Siku ya kwanza nilichinjiwa kuku.
Nikakalishwa kiti cha baba, chenye mto,
nikanyweshwa kwa glasi za kabatini
ambazo utoto wote tulizifuta vumbi tu.
Elinami, niliyemwacha akiimba sauti ya kwanza,
ameshuka hadi besi bila kuniaga.
Mama Kiangi wa jirani akaja kunikagua:
"Umekuwa mweupe! Ndizi huko zipo?"
Zipo, nikasema, zinapimwa kwenye mizani kama dhahabu.
Wakacheka.
Sikuwaambia kwamba mwezi wa kwanza
nililia juu ya ndizi moja,
kwamba Aizada, Mkirigizi wa kitanda cha pili,
alinikuta, hakuuliza, akaimenya,
akanipa nusu, nusu akala yeye.
Hatukuwa bado na maneno kumi ya pamoja.

Siku ya pili, akikunja nguo, bila kunitazama,
mama akauliza: "Utakaa siku ngapi?"

Nimeandika ripoti ya kurasa arobaini
kuhusu maji yanavyopotea njiani
kati ya tangi na bomba la mtu.
Nina michoro. Nina asilimia.
Kwa swali lile sikuwa na kitu.
"Mlimani wanafungua Oktoba," nikasema.
"Haya," akasema, akachukua shati jingine.

Usiku feni ilizunguka, nami nikazunguka nayo
nikitafuta jina la kile cha kusongea ugali.
Kwa Kituruki lilikuja la kijiko, likaja la koleo.
Alfajiri ndipo likarudi: mwiko.
Nikalitamka mara tatu kwenye mto,
nikiona haya kama mtu aliyesahau jina la shangazi.

Siku ya tatu mlango ukagongwa kwa kitako cha ndoo.
"Nakunda! Maji yamekatika tangu jana.
Amka ukapange foleni kwa Mbwambo,
au mikono umeiacha Ulaya?"

Wahenga walisema jembe. Tabata haina shamba,
jembe letu ni dumu.
Madumu matano ya njano, moja halina kifuniko,
tukaliziba kwa gunzi, kama zamani.
Mhandisi mtarajiwa wa maji
nikasimama kwenye foleni ya maji,
ndala moja yangu, moja ya Elinami.
"Dada, sogea, usitulalie hapa!"
akanifokea mtu nyuma yangu.
Hakujua kama nimetoka popote.
Nusura nimkumbatie.

Niliporudi, bega limelowa, mama hakunishukuru.
Nani humshukuru mtu wa kwake kwa dumu la maji?
Alijifuta mkono, akanipa ufunguo
uliochongwa jana pale Relini kwa elfu mbili,
meno yake bado yana makali.
"Usiupoteze. Na ule wa zamani utupe."

Nimeupokea kwa mikono miwili.
Ule wa zamani sijautupa.
Umo ndani ya koti,
koti limo ndani ya sanduku,
sanduku liko juu ya kabati,
na mama, anayejua kila kitu kilichomo humu ndani,
hajauliza.