Ngome Niliyoizidi Umri

Nimeizidi ngome hii kwa miaka kumi na tisa,
lakini kwenye dirisha la tiketi
ni mimi niliyepunguziwa bei kwa uzee,
nayo ikaitwa ya kale.

Mjukuu wangu Madoka ananishika kiwiko
kana kwamba nitamwagika.
Mwongoza wageni, binti mwenye kipaza sauti kiunoni,
anasema: mia nne.
Miaka mia nne, anarudia, na watu wanashusha pumzi,
shingo nyuma, macho kwenye kuta nyeupe kama unga wa mchele.

Mimi kinywani nasikia saruji.
Kipupwe kile, toroli lenye gurudumu lililolia kuliko mtoto,
Tamekichi juu ya jukwaa la mianzi
akiimba vibaya makusudi, msimamizi akiitukana mvua.
Kokoto, nondo, ndoo.
Samurai hatukumwona hata mmoja.
Tuliona njaa ya mchana, na wali uliopoa
wenye tunda moja la chumvi katikati,
jekundu, la kulambwa mwisho.

Tunapanda kwa lifti.
Lifti! Bwana wa ngome angeitolea upanga.
Ghorofa ya tatu, nyuma ya kabati la deraya,
chini ya lipu, kuna kiganja changu.
Nilikibandika zege likiwa bichi
kwa ajili ya Fusae, ambaye hakuwa ameniambia ndiyo.
Hakuwahi kukiona.
Asubuhi yake tulipewa mwiko, tukapaka.

"Babu, hii ni ya kweli?"
Madoka anagonga ukuta kwa kidole, ko, ko.
Nyumba njema si mlango, ningemjibu,
ila hata huko ndani tulipaweka sisi.
Nasema: "Mawe ya chini ni ya kweli. Yaliungua."

Bustanini mtunza miti yuko juu ya ngazi,
anayafunga matawi kwa kamba za mabua ya mpunga
theluji isije ikayavunja.
Msonobari mmoja umelalia dimbwi,
magogo matatu yameushika kwapani.
Huu uliuona moto. Hauna kibao.

Nasimama kando yake na mkongojo wangu.
Madoka anarudi nyuma na simu yake, nyuma zaidi,
anataka na ngome iingie.
"Babu, usitikisike."

Samaki mwekundu anaupasua mnara majini.
Unajijenga tena taratibu, kuanzia paa,
ghorofa kwa ghorofa,
na ile ya tatu
inachelewa.