C Haina Mikono

Juu ya bahasha wanawake watatu,
wembamba kama njiti za kiberiti, fulana ile ile:
A mikono mirefu, B ya robo tatu, C haina mikono.
Orysia anachagua C.
Nje, Saskatoon, nyuzi thelathini chini ya sufuri;
ndani, nyuzi za samawati.

Karatasi ilishakatwa. Mama yake aliikata
kipimo cha kumi, kwa harusi ya mtu aliyekwisha kuachika.
Orysia ni kumi na sita, kabla ya chakula.
Basi anaongeza: ukanda wa gazeti kiunoni,
seloteipu, kwapani gazeti tena,
mpaka mama amezungukwa na matangazo ya matrekta.

Jezi ina ukaidi wake.
Ukiikata, ukingo unajikunja kama jani la kabichi.
Usivute, yanasema maelekezo.
Anavuta.
Shingo inatoka na mawimbi. Anafumua.
Inatoka na mawimbi machache. Anaiacha.

Usiku, kwenye kioo,
mabega yamekaa pale pale alipoyakata mama:
hapo hakuongeza kitu.

Anavaa sweta juu yake, na koti, na koleo mkononi,
anatoka kuondoa theluji.