Alhamisi

Mashine ya baba pale Ilembo ilikuwa uchi.
Mkanda, gurudumu, chekeche, mdomo wa kumwagia mahindi,
kila kiungo ulikiona kikihangaika.
Ilipokohoa, baba alichora ukutani kwa mkaa
palipouma, na namna alivyopaponya,
akaweka na tarehe.
Mwaka aliolazwa wiki mbili,
Atupele Mwashitete, asiyejua spana namba ngapi,
aliusoma ukuta, akakaza, akawasha.
Watu walikula ugali.

Kisha ikaja mpya, rangi ya chungwa,
na kisanduku ubavuni kilichotiwa lakiri:
*ukifungua, dhamana imekufa.*
Ikafa yenyewe, dhamana ikiwa hai.
Fundi wake alitoka Dar kwa nauli yetu.
Alifanya kazi ametupa mgongo,
mgongo mpana kama mlango wa benki.
Hakuandika kitu.

Ndiyo sababu nilipomaliza kidato cha sita
sikuuliza chuo kipi kina ghorofa nyingi.
Niliteremka Mbeya mwezi wa saba,
baridi inang'ata ncha za masikio,
na swali moja tu mfukoni.

Chuo cha kwanza, upande wa Soweto,
kina zulia, kina kiyoyozi
(kiyoyozi! Mbeya! mwezi wa saba!).
Nikauliza: mnafundisha programu huria?
Dada wa mapokezi akacheka vizuri tu:
"Hapa zote huria, mdogo wangu, tunanakili kwenye flashi."
Programu za kuvunjwa kufuli,
zimejaa virusi kama gunia lenye dumuzi.
Nikamwambia, kuiba ufunguo
siyo sawa na mtu kukuachia mlango wazi.
Akanipa kijitabu chenye picha ya mahafali.

Cha pili, njia ya kwenda Uyole.
Mwalimu mpole, tai imekaa sawa:
"Binti, cha bure hakina thamani.
Mwajiri anataka cheti cha kampuni."
Sikusema bure, mwalimu, nimesema huria.
Baba alitoza kila debe, na hakumkopesha mtu.
Ukuta ndio haukuwa na bei.
Akatazama saa yake
kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kusoma saa.

Cha tatu sikukipata kwenye tangazo.
Nilikipata ndani ya programu yenyewe,
kijiprogramu cha stoo kwenye kompyuta ya shule.
Nilikuwa nasoma msimbo wake mstari kwa mstari,
kidole kwenye kioo kama anayechambua mchele,
nikakuta maneno ambayo mashine huyaruka
na mtu peke yake ndiye huyasoma:
*Wingi wa debe ni madebe. Nimerekebisha. Luvanda, Iringa.*
Na tarehe.

Nilikaa kimya.
Ulikuwa mkaa. Ulikuwa ukuta.

Iringa nilifika na vumbi hadi kwenye kope.
Chuo kidogo, mabati, mawe makubwa nyuma yake.
Luvanda ni mwanamke, sweta lake limefumuka kiwikoni.
"Kwenye mtaala hamna," akasema, "usidanganywe.
Darasani tunafundisha walichotuagiza.
Ila Alhamisi jioni wanabaki sita, saba mvua isiponyesha.
Tunafungua kitu.
Tukikiharibu, tunaandika tulivyokiharibu,
na atakayekuja aanzie hapo."
Nikauliza kama cheti kinaitaja hiyo Alhamisi.
"Hakiitaji."

Sasa nipo nyumbani.
Baba amehesabu magunia ya viazi mara mbili
kana kwamba yataongezeka kwa kuhesabiwa.
Ada haijatimia. Anasema msimu ujao,
na bei ya viazi huwa haimuulizi mtu.
Sijui.

Ile ya chungwa ipo uani, kuku wanalala juu yake.
Nimewafukuza, nimepangusa kisanduku,
nimetafuta kipande cha mkaa jikoni.
Dhamana ilishakufa, hakuna wa kuililia.
Leo Alhamisi.
Baba ameniona na bisibisi,
ameingia ndani bila kusema neno,
ametoka na taa.